Elfu ishirini yangu na mafunzo ya siku tatu Wete

Nianze na bei, maana ndiyo inayoulizwa mwanzo kila ninapokaa. Ni shilingi 20,000 kwa mtu mmoja, siku tatu, Jumanne mpaka Alkhamisi, chai ya asubuhi na chakula cha mchana ndani yake, kitini cha kusomea na cheti. Mimi ni fundi cherehani hapa Wete na ni mshika fedha wa kikundi chetu cha hisa. Tulikwenda wanawake kumi na wanne. Nusu ya ada ilitoka kwenye mfuko wa jamii wa kikundi, nusu kila mtu alitoa mwenyewe. Kwangu siku tatu za kutokaa kwenye cherehani zinauma kuliko hiyo elfu kumi, tena wakati wa sare za skuli. Kwa hivyo nilikwenda kama anavyokwenda mtu aliyelipa, macho mawili yote wazi.

Mafunzo yanaitwa huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Jina zito, kazi yake nyepesi kuieleza: mtu amefikwa na jambo kubwa, tetemeko la ardhi, mafuriko, moto, meli, wewe ni jirani tu, si daktari. Ufanye nini saa ile, ufanye nini wiki ile, na ufanye nini mwaka wa pili wakati wengine wote wameshasahau? Hilo la mwaka wa pili ndilo lililonifanya niandike haya.

Mwalimu wetu ni mwanamama wa Bukoba, Mhaya, aliyekuwa akisomesha kule wakati wa tetemeko la Kagera. Hajakaa vizuri, suali likatoka nyuma: "Mwalimu, sisi Pemba na tetemeko wapi na wapi? Yetu sisi ni bahari." Hakukasirika. Akauliza nani anaukumbuka usiku wa tarehe 12 Agosti 2020. Mikono ikanyanyuka, na wangu ukiwemo. Nilikuwa Unguja kwa mwanangu, kwenye majumba ya Michenzani, saa mbili na kidogo usiku, tumemaliza kula. Vikombe vikaanza kugongana vyenyewe kabatini. Tulishuka ngazi na kanga tulizovaa, mtoto mchanga hana hata nguo, na chini tukakuta watu wamejaa wanaulizana kama bahari itakuja. Tetemeko lile lilitokea baharini, kusini mashariki ya Dar es Salaam, ukubwa wake karibu ya 6. Hakuna nyumba iliyoanguka pale tulipo, lakini mwanangu alilala na viatu mlangoni mwezi mzima. "Basi," mwalimu akasema, "hiyo ya viatu mlangoni ndiyo tutakayoizungumza."

Kisha akatupa ya kwao. Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi mchana, ukubwa wa 5.9. Walikufa watu zaidi ya 15, wakaumia mamia, na nyumba zilizoanguka au kupasuka zilihesabiwa kwa maelfu. Skuli za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya mpaka zikafungwa. Ilikuwa siku mbili tu kabla ya Idi ya Mfunguo Tatu. Ila hakukaa sana kwenye hesabu. Alichokaa nacho ni watu ambao nyumba zao zilisimama, hata ufa hazina, lakini walilala nje migombani usiku baada ya usiku, kwa sababu ardhi ilikuwa inarudia kutetemeka kidogo kidogo. Alisema, "Nyumba imesimama, mwenyewe haiamini." Niliandika neno hilo pembeni ya kitini na kulipigia mstari mara mbili.

Lakini aliposema tarehe 10 Septemba, ukumbi ulikuwa umeshazizima. Akanyamaza, akatuangalia, akasema, "Najua tarehe hii hapa ni ya nani. Na sisi tuna yetu, 21 Mei 1996." Ile meli ya MV Bukoba iliyozama ziwani karibu na Mwanza. Alikuwa msichana wakati ule, na mtaani kwao mlikuwa na nyumba tatu zilizolia siku moja. Baada ya hapo hakuna aliyemuuliza tena Mhaya anajua nini kuhusu bahari.

Mdogo wangu alikuwemo katika meli iliyozama upande wa Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikija Pemba. Nayo ilikuwa Jumamosi. Idi ya Mfunguo Mosi ilikuwa imepita siku kumi hivi, watu wanarudi makwao, na yeye anarudi kuwahi karafuu. Tume iliyoundwa baadaye ilisema waliopanda walizidi 2,000, katika meli ya kuchukua abiria mia sita na kitu. Miili iliyopatikana ilikuwa mia mbili na kitu. Wake haukuwamo. Nilivuka kwenda Unguja, nikapita uwanja wa Maisara, miili ilikolazwa, mara mbili baina ya mashuka meupe, nikarudi mikono mitupu kwa mamaangu. Sitasema zaidi ya hapo, ila mjue nilipokuwa nimekaa kwenye lile jamvi sikuwa nasikiliza mambo ya watu wa mbali.

Siku ya kwanza ilikuwa nzuri hivyo, lakini ina kasoro moja ambayo niliisema palepale na hapa naisema tena: ratiba haikuwa na nafasi ya Adhuhuri. Tulinyanyuka mmoja mmoja kama wanafunzi watoro. Siku ya pili ikarekebishwa, tukapewa dakika arubaini za sala na chakula, na mwalimu akaomba radhi mbele ya watu wote. Basi waandaaji wajao waiandike tangu mwanzo, wasingoje kukumbushwa.

Siku ya pili asubuhi ndiyo dhaifu kuliko zote. Umeme ulikatika, projekta ikazimika, na tukasomewa kitini. Kitini kina maneno ya ofisini: ustawi wa kisaikolojia na kijamii, ustahimilivu, msongo. Mama mmoja mtu mzima, tunamwita Bi Mkubwa sote, akauliza huo ustawi ndio nini hasa. Mwalimu akakifunga kitini. "Bibi, ni mtu alale, ale, acheke, aende kwenye shughuli zake, na awe na wa kumlilia." Kwa nini maneno hayo hayakuandikwa ukurasa wa kwanza? Na picha za ndani ni za watu wamekaa kwenye makochi, na glasi ya maji mezani. Hakuna hata picha moja ya watu wamekaa chini. Hakuna neno tanzia, hakuna hitima, hakuna eda. Aliyekitengeneza hakufikiria kwamba kuna watu wana utaratibu wao wa kukaa na mfiwa wa miaka mingi kuliko kitini.

Baada ya chakula (wali wa nazi na changu wa kupaka aliopika mama wa nyumba ya jirani, nautaja kwa sababu siku ya kwanza tulipewa maharage yasiyoiva) umeme ulirudi, akatuonesha mji wa Christchurch, New Zealand. Hapo ndipo nilipopata thamani ya pesa yangu.

Mji ule ulipigwa na tetemeko la 7.1 tarehe 4 Septemba 2010, wakasalimika. Halafu tarehe 22 Februari 2011, saa 6:51 mchana, likaja dogo kuliko lile, 6.2, lakini lilikuwa karibu kabisa na mji na halikuwa chini sana ardhini, likaua watu 185. Mchanga wa chini ya baadhi ya mitaa ulilainika ukawa kama uji, ukafoka juu majumbani, na nyumba kama 8,000 wenyewe walitakiwa wazihame moja kwa moja kwa sababu ardhi yake haifai tena kujengwa. Hayo ni ya siku zile. Lakini watu wa kule wengi wamesema kilichowamaliza nguvu hakikuwa tetemeko. Ni miaka iliyofuata: bima, fomu, mkaguzi anakuja anasema hivi, wa pili anakuja anasema vingine, unaambiwa ngoja, unaambiwa leta tena. Watu wa nchi tajiri, wana bima, wana barabara, na bado makaratasi yaliwaondolea usingizi.

Niliposikia hivyo nilimuona mamaangu. Baada ya meli alitakiwa picha ya mtoto wake katika ofisi moja. Akapeleka. Miezi ikapita, akaambiwa ile haionekani, alete nyengine. Akapeleka. Mara ya tatu alipotakiwa picha hakuwa nayo tena, maana mbili alizokuwa nazo ndizo alizozitoa, na hakuna aliyemrejeshea. Mamaangu hakulia siku ya habari kama alivyolia siku ile, kwenye benchi la ofisi ya watu, mtandio umemuanguka. Mimi nilimwambia, "Mama, twende nyumbani, watu wanatutazama." Leo najua lile ndilo neno baya kuliko yote niliyopata kumwambia.

Siku ile watu waliotujaza ua, walioleta mchele na sukari, waliosoma hitima, hakuwepo hata mmoja. Siwalaumu, arubaini ilikuwa imeshapita zamani. Kwetu sisi kilio kinajua kuanza na kinajua kwisha. Ofisi hazijui.

Kule Christchurch walifanya na mengine. Kuanzia mwaka 2013 kulikuwa na kampeni ya mabango mitaani inayoitwa All Right?, maneno mafupi tu ya kuwaambia watu kwamba kuchoka mwaka wa pili na wa tatu si wazimu. Na viwanja vilivyobaki vitupu baada ya majengo kuvunjwa vilitiwa shughuli za watu. Kimoja kiliwekwa sakafu ya kuchezea ngoma, na muziki unatoka kwa kutia sarafu kwenye mashine ya kufulia ya zamani! Unatia sarafu, unaunganisha simu yako, spika zinalia, mnacheza hadharani. Wenzangu walicheka mpaka machozi, na Bi Mkubwa akasema hilo si geni, sisi tulikuwa tukipiga ngoma ya msewe uwanjani hata mwaka wa shida. Mwalimu akamuomba aeleze, akaeleza robo saa nzima. Ile robo saa haimo kwenye kitini, na ilikuwa bora kuliko asubuhi yote.

Siku ya tatu ni ya vitendo. Mambo yenyewe ni matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kuna hatari gani na nani ana hali mbaya zaidi. Sikiliza bila ya kumlazimisha mtu aseme. Hili lilisisitizwa sana, kwamba kumshurutisha mtu asimulie tena na tena alichokiona hakumsaidii, na kunaweza kumdhuru. Halafu unganisha: mpeleke anapoweza kupata anachohitaji, awe ni ndugu, chakula, sheha au daktari. Wengi hupata nafuu wakiwa na watu wao bila ya hospitali. Lakini mtu wiki zinapita halali usingizi, hali chakula, au anasema bora afe, huyo usibaki naye peke yako nyumbani. Hapa tulizungumza jina la Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Unguja, bila ya kunong'ona. Mjini mtu akisikia ndugu yake kapelekwa pale anaona aibu imeingia nyumbani, na wako waliochelewa kutibiwa kwa aibu hiyo tu.

Zoezi la kusikiliza lilinishinda mwanzo. Mnakaa wawili wawili, mmoja anasema dakika tano, mwengine hasemi kitu. Hakuna pole, hakuna subira, hakuna kazi ya Mungu haina makosa. Mimi nilipangwa na jirani yangu wa miaka ishirini. Akaniambia kwamba tangu usiku ule wa meli hawezi kuacha simu imewashwa akilala, kwa sababu dada yake alimpigia kutoka baharini na yeye alikuwa hana salio la kurudisha simu ilipokatika. Miaka ishirini nakopa chumvi kwake, sijui. Mdomo ulikuwa unaniwasha niseme "Si kosa lako shoga yangu." Nikaubana. Dakika ya nne akasema mwenyewe, "Hata ningekuwa na salio ningemwambia nini?" Kisha akapumua kwa nguvu, akanikamata mkono. Ningemkatiza, asingelifikia neno hilo.

Hapo lakini tulivutana na mwalimu kidogo, na naona tulikuwa na haki. Alisema maneno ya dini yasitangulizwe, yasije yakamfunga mtu mdomo. Bi Mkubwa akamjibu kwa adabu kabisa: "Mwanangu, inna lillahi haimnyamazishi mtu. Hiyo ndiyo hodi." Mkutano ukawa mzito. Mwishowe wakakubaliana kwamba mtu aseme inna lillahi, kisha akae kimya kweli, asiongeze hotuba. Mwalimu aliandika kwenye daftari lake, na akatwambia atakwenda kuisema Bukoba.

Zoezi la pili la kumrudisha mtu aliyetaharuki: unamwambia ataje vitu vitano anavyoviona, vinne anavyovigusa, anashuka hivyo mpaka harufu. Kwa ajili ya harufu mwalimu alinunua karafuu kavu sokoni, akatugawia kila mtu mbili tatu kiganjani. Nia yake ilikuwa njema, katafuta kitu cha hapa. Nikaivunja moja kwa ukucha, nikainusa. Harufu ile kwangu ni mdogo wangu juu ya mti, kamba kiunoni, anatutupia vikonyo kichwani, na jamvi la karafuu alilokuja kuliwahi asilifike. Nililia kwa sauti mbele ya watu kumi na watatu. Mwalimu hakuja na maneno. Alikuja akakaa chini upande wangu, akaziokota karafuu zilizoanguka moja moja akazitia kwenye karatasi, na akangoja. Sijui muda gani. Baadaye aliwaambia wote kwamba kosa ni lake, alipaswa kuuliza kabla kila harufu ina nini kwa nani. Naliandika hapa kama kasoro, kwa sababu ni kasoro. Na kama mnataka kujua kwamba mwalimu anakifanya anachokisomesha, basi hapo ndipo nilipoona.

Mambo madogo: choo kiko mbali na ukumbi na hakina taa. Jamvi limechoka, mwenye kwenda achukue mto wa kukalia. Hapakuwa na mwanamme hata mmoja, na waandaaji wanasema waliwaalika. Wanaume wetu ndio waliozika, ndio waliobeba miili, na hawana pa kuitua. Wapangiwe darasa lao, saa za jioni baada ya Isha, barazani kwao penye kahawa, na awafundishe mwanamme mwenzao. Mimi naamini watakuja.

Kwa anayeuliza kama inafaa kulipa: inafaa. Siku ya pili asubuhi muivumilie. Kikundi kikienda pamoja ni bora kuliko mtu mmoja mmoja, kwa sababu mnarudi mkiwa na lugha moja. Sisi tuliporudi tulitoa elfu sita kwenye mfuko tukanunua mkoba wa plastiki wenye zipu. Ndani yake mna kalamu, gundi, bahasha, na daftari la kuandika tumekwenda ofisi gani, siku gani, tumeambiwa nini. Picha na vyeti vya mtu tunatoa nakala kwanza, na kinachopelekwa ni nakala. Mfiwa akiitwa na ofisi yoyote, wawili kati yetu wanakwenda naye, hata kama arubaini imepita, hata kama mwaka umepita. Mamaangu alipouona mkoba aliufungua zipu, akaufunga, akaufungua tena, akauliza nani aliyeutia gundi.

Jumatatu iliyopita ilikuwa zamu yangu na jirani yangu. Tulikwenda na mjane wa mtaa wa pili, tangu saa mbili asubuhi mpaka saa saba. Mimi nimebeba mkoba, jirani kambeba mtoto. Tukaambiwa turudi wiki ijayo. Tulipotoka nje mjane hakusema kitu mpaka tulipofika kwenye mwembe, ndipo akaniuliza kwa sauti ndogo kama nitakuwa na nafasi, maana anajua nina nguo za watu. Nimemwambia Jumatatu sishoni.